Magonjwa ya Wanyama wa Mwituni na Samaki: Yapi Yaweza Kumdhuru Mtu?

Watoto waliokwenda kuokota kuni kando ya msitu wa Kakamega wamkuta funo amelala chini ya mti. Amekufa, wala hana jeraha la mkuki wala alama ya mtego shingoni. Siku hiyo hiyo mama mmoja aliyenunua omena wabichi sokoni aona kwamba baadhi yao wamevimba matumbo, na anapowatumbua akuta ndani yao mnyoo mweupe, mpana kama utepe. Mama ashtuka, awatupa samaki wote, na fedha yake imepotea. Wale watoto warudi nyumbani kwa furaha, na jioni nyama inatokota chunguni.

Mambo ya namna hii hutokea mara nyingi, na ndiyo sababu ya kuandika habari hizi. Twasema wazi tangu mwanzo kwamba mama yule ametupa chakula chema, na wale waliopika funo huenda wamejitia katika hatari ya kufa. Watu wengi huogopa kile kinachoonekana kwa macho na kuchukiza, lakini yale yauayo kwa kawaida hayaonekani.

Kwanza yafaa kufahamu kwamba si kila ugonjwa wa mnyama ni ugonjwa wa mtu. Wazee walisimuliwa na baba zao habari za sotoka, ugonjwa ulioingia katika nchi zetu katika miaka ya 1890, ukaua ng'ombe, nyati na wanyama wengine wa porini wasio na hesabu. Watu wengi walikufa wakati ule, lakini walikufa kwa njaa, kwa maana mali yao yote ilikuwa imeangamia. Sotoka yenyewe haikumwambukiza mtu hata mmoja. Leo ugonjwa huo haupo tena duniani. Ilitangazwa mwaka 2011 kwamba umekwisha kabisa, na dawa ya chanjo iliyosaidia sana kazi hiyo ilitengenezwa na Walter Plowright na wenzake hapa Kenya, katika maabara ya Muguga.

Ugonjwa mwingine wa jinsi hiyo ni homa ya nguruwe ya Kiafrika, ambayo ilielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Nguruwe mwitu na ngiri huwa na viini vyake mwilini bila kuugua. Mtu akila nyama ya nguruwe mwenye homa hiyo hapati ugonjwa huo. Lakini mifupa na mabaki ya nyama ya nguruwe mwitu yakitupwa uani, yakaliwa na nguruwe wa nyumbani, zizi zima laweza kumalizika katika siku chache, wala hakuna dawa ya kuwatibu. Katika sehemu za Kakamega watu wengi hulipa karo za shule kwa kuuza nguruwe, na kwao hasara hiyo si ndogo.

Sasa na tutazame magonjwa yanayovuka kutoka kwa mnyama kuja kwa mtu. Mbaya kuliko mengine, kwa maoni yetu, ni kimeta. Huu ni ugonjwa wa ng'ombe, kondoo na mbuzi, na vile vile wa nyati, viboko na paa. Mnyama hufa ghafula. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani au nyuma, tumbo huvimba upesi, na mwili haukakamai kama ilivyo desturi ya mizoga. Lakini pengine dalili hizo hazionekani zote, na kwa hiyo mtu asingoje kuziona ndipo aogope. Katika miaka ya 2004 na 2005 viboko zaidi ya 200 walikufa kwa kimeta magharibi mwa Uganda. Mwaka 2015 nyati zaidi ya 100 walikufa katika mbuga ya Ziwa Nakuru. Mwaka 2011 huko Chama, nchi ya Zambia, watu waliokuta mizoga ya viboko walikata nyama na kugawana. Mamia ya watu waliugua na watano wakafa.

Yafaa msomaji aelewe jinsi ugonjwa huu unavyofanya kazi, kwa maana hapo ndipo watu hukosea. Vijidudu vya kimeta vilivyo ndani ya mzoga usiopasuliwa hufa vingi pamoja na kuoza kwa mzoga. Lakini kisu kikiufungua mwili, damu ikakutana na hewa, vijidudu hujivika ganda gumu. Vikiwa katika ganda hilo vyaweza kukaa ardhini miaka mingi sana, vikingoja mnyama mwingine aje kulisha majani mahali pale, na maji yanayochemka kwa muda wa kawaida hayatoshi kuviua. Kwa hiyo mtu achunaye ngozi yumo hatarini kabla hata nyama haijafika jikoni. Mkwaruzo mdogo wa mkononi watosha. Hapo hutokea kijipele, kisha kidonda chenye kovu jeusi katikati ambacho mara nyingi hakiumi, na kwa sababu hakiumi mtu hukidharau. Akienda hospitali mapema atapewa dawa na kupona. Lakini kimeta kikiingia tumboni kwa njia ya kula, au kifuani kwa njia ya kuvuta pumzi, muda wa kumwokoa mgonjwa huwa mfupi mno.

Wako watu wasemao kwamba wao humpa mbwa kwanza kipande cha nyama, na mbwa akiwa mzima mpaka kesho yake, basi nyama ni salama. Shauri hili halifai. Mbwa ana nguvu ya kuvumilia kimeta kuliko ng'ombe, na pia kuliko mtu. Mbwa aliyekula na kulala vizuri hajathibitisha neno lo lote.

Hatari ya pili iko ndani ya nguruwe mwitu, mnyama ambaye yumo msituni Kakamega na ambaye huchukiwa na wakulima kwa uharibifu wake wa mahindi na viazi. Mwaka 1959 kundi la vijana katika miteremko ya Mlima Kenya walikula nyama ya nguruwe mwitu. Baada ya muda wakashikwa na homa, maumivu makali ya misuli na uvimbe wa uso. Madaktari walipochunguza wakakuta minyoo midogo sana, isiyoonekana kwa macho, iliyojikunja ndani ya misuli. Hapo kabla haikupata kuandikwa habari ya watu wengi kuugua pamoja kwa ugonjwa huu katika Afrika kusini ya Sahara. Mnyoo wa namna hii hautoki katika nyama kwa kuoshwa, wala kwa kutiwa chumvi, na moshi wa jikoni hautegemewi kuuua. Huuawa na moto ulioingia mpaka katikati ya nyama. Basi mishikaki iliyoungua nje na kubaki nyekundu ndani, ambayo vijana huisifu kwa utamu, ndiyo nyama yenye hatari.

Ugonjwa wa malale wahitaji maelezo ya namna nyingine. Tangu mwaka 1901 ugonjwa huu uliwaangamiza watu wa pwani za Ziwa Viktoria, na katika Uganda peke yake watu zaidi ya 200,000 walikufa katika miaka michache. Swali lililowasumbua madaktari lilikuwa hili: ugonjwa unapotulia, vijidudu vyake hujificha wapi? Mwaka 1958 jibu lilipatikana hapa hapa Nyanza, wakati madaktari walipotoa damu ya pongo na kukuta ndani yake vijidudu vile vile vinavyomwambukiza mtu. Pongo mwenyewe hakuonekana mgonjwa. Lakini hapa nyama si hatari kubwa. Mwenye kosa ni mbung'o, amwumaye pongo kisha akamwuma mtu. Kwa kutega mbung'o, kutibu ng'ombe na kuwapima watu, ugonjwa ulipungua mwaka hata mwaka. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa kwetu alionekana mwaka 2009, na katika Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena kwa afya ya watu wa Kenya. Habari njema kama hizi hazipatikani kila juma, na tumefurahi kuziandika.

Kuhusu kima, tumbili na nyani neno letu ni fupi. Mnyama jinsi anavyokaribiana na mtu kwa umbo, ndivyo magonjwa yake yanavyoweza kumwingia mtu kwa wepisi. Mwaka 1967 tumbili waliopelekwa Ulaya kutoka Uganda kwa kazi za maabara waliwaambukiza watu ugonjwa ambao haukujulikana bado. Watu 31 waliugua na 7 wakafa, na ugonjwa ukaitwa kwa jina la mji wa Marburg katika Ujerumani. Baadaye, mwaka 1980 na tena mwaka 1987, wageni wawili walioingia katika pango la Kitum, Mlima Elgon, ambao si mbali na Kakamega, waliugua Marburg na kufa. Mwaka 2007 wachimba migodi waliugua huko Kitaka, Uganda, na wataalamu wakavipata viini vya ugonjwa huo katika popo walao matunda waliokaa ndani ya mgodi. Watu wa Kakamega wajua kwamba mashimo yaliyochimbwa wakati wa dhahabu, katika miaka ya 1930, mengine yamebaki wazi, na popo hupenda mahali pa namna hiyo. Hatusemi kwamba popo wa hapa wana ugonjwa. Twasema tu kwamba mtoto hana kazi ya kufanya humo.

Sasa turudi kwa samaki na yule mama wa sokoni. Damu ya samaki ni baridi kama maji anayokaa, na mwili wa mtu una joto, kwa hiyo magonjwa mengi yanayoua samaki hayawezi kuishi ndani ya mtu. Ule mnyoo kama utepe ulio tumboni mwa omena una safari yake mwenyewe. Mayai yake huangushwa majini na ndege walao samaki. Yakianguliwa, huliwa na vidudu vidogo vya majini. Omena hula vidudu hivyo. Na mnyoo hukua tumboni mwake mpaka ndege amle samaki, ukafika mwisho wa safari. Mtu hayumo katika njia hiyo. Omena huyo akitumbuliwa, akaoshwa na kukaangwa au kupikwa vizuri, hana dhara. Mwenye kuchukizwa na aache, lakini asimwambie jirani kwamba ameuziwa sumu.

Watu pia huogopa wanapoona samaki wengi wakielea wamekufa. Katika Novemba 2022 samaki waliofugwa katika vizimba karibu na Kisumu walikufa kwa wingi sana, na wenye vizimba wakapata hasara kubwa. Wachunguzi walieleza kwamba sababu ilikuwa upungufu wa hewa ya oksijeni majini. Hata hivyo samaki aliyekutwa amekufa asiuzwe wala asiliwe, kwa maana huoza upesi katika jua letu, na mnunuzi hawezi kujua amekufa kwa sababu gani.

Neno hilo la sababu ni kubwa, kwa maana hatari kubwa ya samaki haitoki kwa samaki, bali hutoka mikononi mwa watu. Wako wavuvi waliomwaga dawa za wadudu majini ili wapate samaki bila taabu ya nyavu, na mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Viktoria kwa sababu ya hofu ya sumu hiyo. Wavuvi waaminifu wakapata hasara pamoja na wale wabaya. Na huko Bunyala, katika mashamba ya mpunga, watu wameonekana wakitega ndege kwa chakula kilichotiwa Furadan, ambayo ni sumu ya wadudu wa mashambani, kisha wakawauza kwa nyama. Ndege wa namna hiyo hana ugonjwa wo wote. Nyama yake yapendeza macho, bei yake ni ndogo, na sumu imo ndani yake, wala moto wa jikoni hauwezi kutegemewa kuiondoa.

Basi na yule funo je? Asiguswe kwa mikono, asipasuliwe, wala asiburutwe mpaka kijijini. Mmoja abaki mbali kidogo awazuie mbwa, na mwingine aende kumwambia chifu, au daktari wa mifugo, au askari wa wanyama wa pori walio Buyangu, au wa misitu walio Isecheno. Hao ndio watakaochukua damu kwa uchunguzi na kuagiza mzoga uchomwe au uzikwe shimo refu. Wengine huogopa kutoa habari kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya tangu mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 imeongeza adhabu kwa mtu akutwaye na nyama ya mwituni. Lakini aliyemkuta mnyama amekufa, akamwacha pale pale na kwenda kutoa habari, hakuwinda wala hana nyama mkononi. Na ikiwa nyama imekwisha kuchunwa kabla ya habari hizi kufika, waliochuna waoshe mikono kwa sabuni na maji mengi, waitunze alama yo yote itokeayo katika ngozi kwa muda wa majuma mawili, na kijipele cha kwanza kikionekana waende hospitali siku hiyo hiyo, wamweleze mganga kwamba walichuna mnyama aliyekutwa amekufa. Wasilifiche neno hilo, kwa maana mganga asipoambiwa huenda akafikiri ni jipu tu.