Bluzi ya Mistari Mitatu

Sisi tunaokula kwa gitaa hapa Muscat siku yetu ni Alhamisi. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, basi usiku wa kuamkia Ijumaa ndio wa harusi, na ndio wa hoteli za Qurum kujaa. Kuanzia Oktoba mpaka Machi, joto linapolegea, simu hailali. Julai mambo hugeuka: wenye nafasi wamekwenda Salalah kufuata manyunyu, wengine wako Unguja kwa ndugu zao, na mwanamuziki yuko nyumbani anafuta vumbi vyombo vyake. Ramadhani muziki wa hotelini husimama mwezi mzima. Mwenye akili huanza kuweka akiba tangu Rajabu.

Hotelini napiga gitaa la solo. Mpiga ngoma wetu ni wa Goa, mwimbaji katoka Manila, wa besi ni Mmombasa, nami ni mtoto wa Mikunguni, Unguja. Tunapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine ambazo mgeni anazijua na anataka azisikie kama alivyozizoea. Ni kazi ya heshima na inataka nidhamu: kujua nyimbo nyingi kwa moyo, kuzihamisha sauti pale mwimbaji anapoamka na mafua, kupiga kwa upole watu wakila na kwa nguvu wakishashiba.

Harusini ni ulimwengu mwingine. Familia nyingi za Muscat zina Unguja au Pemba ndani yake. Wako waliokimbia baada ya mapinduzi ya huko ya 1964, na wengi walikuja baada ya 1970, Sultani Qaboos aliposhika nchi. Nenda Al Khoudh au Al Hail, utasikia Kiswahili barazani na dukani. Watu hawa wakioza wanataka taarabu. Hapo naweka gitaa chini nashika udi, pembeni yangu fidla, kinanda na dumbaki. Wanawake wana ukumbi wao, na mara nyingi nimepiga nyuma ya pazia, namwona mwimbaji mgongo tu. Ukiona mwimbaji karudia ubeti uleule mara ya nne, jua mbele huko kuna bibi anatunza, na riali zinaanguka. Tuzo hiyo hugawanywa kabla hatujafunga vyombo, maana kesho kila mtu yuko na bendi nyingine.

Jambo moja nawaambia vijana wanaofika: udi usiuache garini. Joto la hapa hupita digrii 40, gundi hulainika na tumbo la udi huachana na shingo. Nimeona udi mzuri wa Misri ukifunguka hivyo, na mwenyewe akalia hadharani.

Bluzi nimeijulia hapahapa Muscat. Yule mpiga ngoma wa Goa alinipa santuri za Muddy Waters, Mmarekani mweusi aliyetoka mashambani Mississippi mwaka 1943 akaenda Chicago kutafuta maisha. Mchana aliendesha lori na kufanya kazi kiwandani, usiku akapiga muziki. Alichukua gitaa la umeme kwa sababu kelele za vilabu zilimeza lile la kawaida. Nilimwelewa mtu huyo kabla sijaelewa maneno yake. Mgeni wa mjini, kazi mbili, na usiku anaimba habari za kwao.

Kwa asiyeijua, bluzi ni muziki wa Wamarekani weusi, wajukuu wa waliotumikishwa mashambani kwa nguvu. Umbo lake ni dogo. Hesabu mapigo manne, huo ni mkato mmoja. Ikitimia mikato 12 mzunguko umekwisha na unaanza tena. Gitaa linazunguka kwenye mishiko mitatu tu ya vidole. Ubeti una mistari mitatu: wa kwanza unasema jambo, wa pili unalirudia, wa tatu unalijibu. Kila mstari ukikatika, gitaa linaingia kusema la kwake. Basi. Siri iko kwenye sauti moja, ya tatu ukipanda ngazi kutoka mwanzo. Katika muziki wa kinanda sauti hiyo ni ama ya furaha ama ya huzuni. Mpiga bluzi hakubali kuchagua. Anauvuta uzi kwa kidole mpaka sauti ikae katikati.

Nilimpigia hiyo mzee mmoja wa Al Khoudh, mpiga udi aliyekulia Malindi ya Unguja, ambaye sote tunamwita Ami. Akanisikiliza, akatoa udi wake, akapanda rasti, ngazi ya muziki wa Kiarabu, na alipofika sauti ya tatu akaniuliza kama siyo hiyohiyo ninayohangaika nayo. Ilikuwa jirani yake kabisa. Gitaa lina vijichuma shingoni vinavyokata sauti vipande, ndiyo maana mtu anauvuta uzi. Shingo ya udi ni laini, kidole kinatua popote, na rasti inaishi na sauti hiyo ya katikati siku zote. Sisemi kwamba moja ilizaa nyingine. Nasema sikio lililolelewa kwa taarabu halihitaji kufundishwa bluzi inauma wapi.

Na si sikio tu. Mwaka 1920 Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues" huko New York, na kampuni za santuri zikagundua kwamba watu weusi watanunua sauti yao wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kwenda Mumbai kurekodi kwa Kiswahili. Alizaliwa Fumba, katika familia iliyotoka utumwani, akauza vyungu mitaani kabla ya kuimba. Wimbo wake wa Kijiti ulitangaza habari ya mwanamke aliyeuawa na mahakama iliyowaadhibu mashahidi. Kazi hiyo, ya kumwimbia mnyonge aliyekosa haki, waimbaji wa bluzi waliifanya ng'ambo ya pili ya dunia, na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Oman yenyewe ina deni la Afrika masikioni. Nenda mji wa Sur ukiwahi ngoma ya leiwa: zumari linalia, ngoma ya msondo inajibu, na ndani ya nyimbo yamo maneno ya Kiswahili ambayo vijana wanayaimba bila kuyajua. Iko pia tanbura, kinubi cha nyuzi sita, na mchezaji aliyejifunga kiunoni mkanda wa kwato za mbuzi zinazochakacha. Ngoma hizi zililetwa na watu waliotoka Afrika, wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kupanda jahazi. Sur huohuo ndiko alikozaliwa, mnamo 1910, Salim Rashid Suri, baharia aliyeimba. Alifika Mumbai akarekodi, akahamia Bahrain akaanzisha kampuni yake mwenyewe ya santuri, Salimphone, na miaka ya 1970 akarudi Oman akiwa mtu wa kuheshimiwa, mpaka alipofariki 1979. Nikisikia mtu anasema mwanamuziki wa kuhamahama hana kwao, namkumbuka huyu. Kwa hiyo nikipiga bluzi Muscat sioni kama nimeazima cha mtu.

Miaka mingi nilikuwa mpigaji tu. Kutunga kulianza nilipoona kwamba ule ubeti wa Marekani una mistari mitatu, na wimbo wa jadi wa pwani nao una mitatu, mizani 12 kwa mstari, vina vya kati na vya mwisho. Nikajaribu kuviweka pamoja:

Jua la Ruwi ni kali, lanichoma,
Jua la Ruwi ni kali, lanichoma,
Na kivuli changu mbali, kwake mama.

Mizani imetimia, vina vimekaa, na bluzi imepita ndani yake wima. Nimeutungia jibu la udi mahali ambapo gitaa lingejibu, na dumbaki inashika mwendo wa polepole, wa mtu anayetoka kazini kwa miguu.

Ami haupendi mstari wa pili. Kwake yeye mtunzi wa Kiswahili akirudia mstari amemdhulumu msikilizaji, kila mshororo ulete jipya. Mimi naona kurudia kunampa msikilizaji nafasi ya kuuingiza mstari moyoni kabla hajapewa jibu. Bi mkubwa anayeimba nasi harusini katuacha tubishane. Yeye anataka mstari wa pili aubadilishe kila usiku kwa jina la mtaa wa waliohudhuria: jua la Seeb, jua la Mutrah, na akiona wageni wametoka Pemba, jua la Wete. Nimemwambia ahesabu mizani kwanza: Wete na Mutrah zinaenea, Seeb ataivuta kidogo. Anasema yeye ndiye atakayekuwa mbele ya pazia. Mazoezi ni Jumatatu, kwa Ami, baada ya Isha.