Ukiona Tochi Inafifia, Ujue Umekwisha!

Jamani, kuna starehe nyingine ni kujitafutia balaa! Mtu mzima na akili zako unakaa gizani, unawasha mashine, halafu unaomba utishwe. Yalinikuta hayo mwaka 2017 pale Mtendeli, wilaya ya Kakonko, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012.

Tulikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu. Jua limezama, wateja wameondoka, umeme wa sola umebaki kiduchu. Mshikaji wangu akafungua kompyuta yake. “Bwana, nina gemu hapa. Dakika kumi tu, utamwita mama!”

Gemu yenyewe ni Slender: The Eight Pages, aliyoitengeneza Mark Hadley na kuitoa bure mwaka 2012. Uko peke yako msituni usiku, tochi mkononi, silaha huna. Unatafuta karatasi nane zilizobandikwa kwenye miti, kuta na magari yaliyotelekezwa. Anayekuwinda ni jamaa mrefu, kapiga suti na tai, uso hana! Ukimkazia macho, kioo kinaanza chenga kama televisheni ya antena mbovu. Ukizubaa, habari yako kwisha.

Kwanza niisifie panapostahili. Sauti zake ni noma. Mwanzoni unasikia nyayo zako tu. Ukichukua karatasi ya kwanza, linaanza dundo zito, taratibu, kama mtu anakuja nyuma yako. Kadiri unavyozipata nyingine, makelele yanazidi na jamaa anasogea. Yaani kila ukifanikiwa, ndivyo unavyojiponza!

Lakini kilichonimaliza ni tochi. Betri yake inakwisha kweli. Unaizima kidogo ubane matumizi, halafu unasimama gizani unajuta. Sasa mwambie mtu wa Mtendeli hiyo ni hadithi! Nani huko hajawahi kurudi nyumbani usiku na tochi inayofifia, vichaka kulia na kushoto, kila kijiti kikivunjika moyo unaruka?

Ubovu wake sasa. Jamaa mwenyewe anaonekana mno. Mara ya kwanza niliruka mpaka stuli ikaanguka. Mara ya tano tukaanza kumtania: “Mheshimiwa, suti yote hiyo porini, unakagua nini?” Ukishamcheka, woga ndio basi tena. Halafu msitu ni ule ule kila siku, karatasi tu ndizo zinazohamahama, na kisa cha maana hakuna. Unahangaika kote huko, mwisho wa safari zawadi yake haishibishi.

Tukiwa katikati ya vicheko akaingia kijana wa Kirundi kuchukua simu yake. Alikuwa anaishi kambini. Tukamlazimisha ashike zamu, tukijua tutamcheka naye. Alicheza kimya kabisa, akapata karatasi mbili, akaisukuma kompyuta pembeni. Akasema yeye msitu wa usiku alishautembea, yeye na mama yake na mzigo kichwani, na raha yake hakuiona.

Hakuna aliyecheka. Mshikaji akazima kompyuta, tukamsindikiza yule kijana mpaka njia panda. Ile kambi ilifunguliwa mwaka 2016 ikafungwa 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Sijamwona tena, ila nikisikia lile dundo namkumbuka yeye kuliko yule mwenye suti.

Kwa hiyo msomaji wangu, maoni yangu ni haya: gemu ni kali kwa usiku mmoja, taa zimezimwa, sauti juu. Usiku wa pili ni kupoteza chaji. Na asiyetaka kucheza mwache, usimwite mwoga. Hujui ametoka wapi.

Nawe shujaa wa kijiweni unayejifanya huogopi kitu, haya, jaribu! Ila kama choo chenu kiko nje, nenda kwanza kabisa. Usije ukasema sikukuambia!