Busta ya breki: bolti kuingia si breki kufanya kazi

Wenzangu wa pwani wanaopanda hadi Kitengela au Kajiado kutafuta Land Rover kuukuu ya kubebea nazi na mbao huniuliza swali lile lile. Gari halina busta ya breki, fundi anayo iliyotoka kwenye modeli nyingine, je, itaingia? Kuingia itaingia. Kama gari litasimama, hilo ni jambo jingine.

Busta ni lile kopo jeusi la bati lililo kati ya pedali na masta silinda. Ndani yake mna kiwambo cha mpira. Injini hunyonya hewa upande mmoja, na ukikanyaga pedali hewa ya nje huingia upande wa pili, ikasukuma pamoja na mguu wako.

Series II ya 1958 na IIA nyingi zilizoifuata zilitoka kiwandani bila busta, na pedali zake zilipangwa zitumie nguvu ya mguu peke yake. Series III ilianza 1971, na zile zilizokuja na busta zina kiti chao cha pedali. Ndiyo maana simshauri mtu anunue busta pekee. Chukua busta, kiti cha pedali na masta silinda kutoka gari moja. Na utazame gari lenyewe: za inchi 88 nyingi zina drami za inchi 10, za inchi 109 zina za inchi 11. Masta silinda ikiwa nyembamba mno pedali huzama. Ikiwa nene mno huwa ngumu kama jiwe. Kijiti cha kusukumia nacho kikizidi urefu kidogo tu, breki hazirudi, na kabla hujafika Emali utasikia harufu ya kuungua.

Dizeli ina shida yake. Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe; ya dizeli huhitaji pampu ya kunyonya, na dizeli nyingi za Toyota huwa nayo nyuma ya alternata. Ukibadilisha injini ukaiacha pampu, busta ni pambo.

Kisha kuna urefu wa nchi. Kitengela iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na hewa huko ina msukumo pungufu kwa karibu asilimia 17 kuliko Mombasa. Busta hutegemea msukumo huo, kwa hiyo pedali nyepesi Likoni huwa nzito kiasi Kajiado. Si ubovu. Lakini anayezima injini mteremko wa Kiserian kwenda Magadi ili aokoe mafuta, baada ya kukanyaga mara mbili tatu hana busta tena.

Kabla ya kulipa, zima injini, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi. Isiposhuka, punguza bei au tafuta jingine.