Futi ya fundi na ini la mwenye kitambi

Mafundi cherehani wa Same mjini wanawajua vizuri wanaume wenye vitambi ambao bado wanavaa suruali saizi ya ujanani. Siri yao ni mkanda. Tumbo likiongezeka, mkanda unashuka kidogo, hadi unakaa chini ya kitovu na tumbo linaninginia juu yake. Mwenyewe anaapa hajanenepa.

Hata mizani inaweza kumtetea, maana kilo hazisemi mafuta yamekaa wapi. Mwaka 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, aliandika kuwa wanene wa tumbo huandamwa na kisukari na maradhi ya mishipa kuliko wanene wa nyonga na mapaja. Ilipita miaka mingi kabla wenzake hawajamsikiliza.

Mafuta ya mapajani hukaa chini ya ngozi, yametulia. Yale yanayozunguka utumbo hayatulii. Huachia asidi za mafuta kwenye damu, na damu itokayo huko hupita kwenye ini kwanza. Ini likizidiwa, linalimbikiza. Mafuta yakivuka asilimia 5 ya ini, tayari ni ugonjwa wa ini lenye mafuta. Kwa kawaida hauumi. Kwa baadhi ya watu ini huvimba, likajaa makovu, mwisho wake sirosisi au saratani, na wala si lazima mtu awe mnywaji wa pombe ya dengelua. Soda nazo zimo: sehemu ya sukari yake hugeuzwa mafuta na ini lenyewe.

Ndiyo maana mama mwenye nyonga pana anaweza kuwa na ini salama kuliko mumewe mwenye miguu myembamba na tumbo mbele. Ila akishakoma hedhi, mafuta yake nayo huanza kuhamia tumboni.

Maisha nayo yamebadilika. Zamani mtu wa Suji mlimani alishuka Makanya na kuupanda tena mlima kwa miguu, kashiba makande. Leo bodaboda inampandisha, na akifika stendi ya Same anakutana na chipsi mayai. Kwa Tanzania nzima, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 22 mwaka 2010. Kufikia 2015-16 walikuwa 28.

Kujipima, futi ya fundi ipite kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi. Mipaka ya kiuno tunayopewa, sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, imeazimwa kutoka Ulaya. Mimi napendelea hesabu rahisi: kiuno kisifike nusu ya kimo. Mwenye sentimita 170 abaki chini ya 85. Aliyezidi, akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini nalo hupungua mafuta na uvimbe.

Akienda hospitali, aombe pia kipimo cha homa ya ini B. Virusi vyake vipo kwetu, havichagui mnene wala mwembamba, na ini lenye mafuta likivipata linabeba mizigo miwili.