Daftari: Neno Moja, Kazi Nyingi



Siku ya kwanza ulipoingia darasani ulipewa penseli na daftari. Labda tangu siku ile unadhani kuwa daftari ni kitabu cha mazoezi tu. Sivyo. Neno hili lina maana nyingi, na kila maana inakuhusu wewe.

1. Asili ya neno

Neno "daftari" tumelipata kutoka kwa Waarabu. Wataalamu wa lugha wamelifuatilia nyuma zaidi, wakafika mpaka Kigiriki cha kale. Huko neno lililolizaa lilikuwa na maana ya ngozi. Zamani, kabla karatasi hazijaenea, watu waliandika juu ya ngozi za wanyama. Leo tunaandika juu ya karatasi, lakini kazi ni ile ile: kutunza jambo lisisahauliwe.

2. Daftari la mkulima

Tuseme wewe ni mkulima wa pamba. Unapeleka pamba kituoni mara tatu. Kila mara unasoma mizani mwenyewe na kuandika hivi:

Mara ya kwanza: kilo 40
Mara ya pili: kilo 35
Mara ya tatu: kilo 52
Jumla: kilo 127

Siku ya malipo karani anasema una kilo 117. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo. Zimepungua kilo 10, yaani shilingi 10,000. Huna haja ya kugombana. Fungua daftari lako, toa na stakabadhi zako, kisha mhesabu pamoja. Kama karani amekosea, atasahihisha. Kama alikusudia kukupunja, atajua kuwa hawezi.

Asiye na daftari atafanya nini? Atanung'unika njiani mpaka nyumbani. Ndiyo maana wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

3. Daftari la dukani

Mwenye duka ana daftari la madeni. Ukikopa sukari au sabuni, anaandika jina lako, kitu ulichochukua na bei yake. Hilo ni jambo jema. Lakini daftari hilo linakaa kwake. Nawe andika katika daftari lako. Siku ya kulipa, madaftari mawili yasemezane. Ukimaliza kulipa, hakikisha deni lako limefutwa mbele ya macho yako.

4. Daftari la kijiji

Katika ofisi ya kijiji yako madaftari kadhaa. Kuna daftari la wageni. Kuna daftari la fedha, lenye mapato na matumizi. Kuna daftari la mihtasari, ambamo maamuzi ya mikutano huandikwa. Tena Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji itunze daftari la ardhi ya kijiji.

Haya si madaftari ya viongozi peke yao. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike angalau mara moja kila miezi mitatu. Kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria. Mapato na matumizi yanaposomwa, sikiliza kwa makini. Andika tarakimu, uzijumlishe. Jumla isipolingana, nyosha mkono uulize.

5. Daftari la wapiga kura

Hapa "daftari" ni orodha kubwa ya nchi nzima. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura lilianza kuandikishwa mwaka 2004, likatumika katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2005. Orodha inapobandikwa, nenda ukalitafute jina lako. Usimtume mtu akusomee. Tazama kama jina limeandikwa sawasawa. Kama kuna kosa, toa taarifa mapema.

6. Ndugu zake daftari

Yako maneno mawili yaliyo karibu na daftari. "Shajara" ni kitabu ambacho mtu huandika mambo yake ya kila siku: mvua ilinyesha lini, mbegu zilipandwa lini, mtoto aliugua siku gani. Ukiandika hivyo miaka mitatu, utakuwa na mwalimu wako mwenyewe wa majira ya shamba lako. "Jarida" ni chapisho linalotolewa kila baada ya muda fulani, kama kila mwezi, ili watu wengi walisome. Shajara ni yako. Jarida ni la wengi.

7. Anza leo

Nunua daftari dogo. Chora mistari ili upate nafasi nne: tarehe, jambo, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Andika kila jioni, hata kama ni mstari mmoja. Usingoje kesho, maana kesho utakuwa umesahau. Lihifadhi mahali pakavu, mbali na mchwa na watoto.

Kusoma na kuandika ulikojifunza kwa jasho ni silaha. Silaha isiyotumika hushika kutu.

Maswali ya kujadiliana

1. Taja aina nne za madaftari zilizoelezwa hapa.
2. Kwa nini mkopaji naye awe na daftari lake?
3. Mkulima aliuza kilo 28, kilo 44 na kilo 31. Jumla ni kilo ngapi?
4. Mapato na matumizi ya kijiji chenu yalisomwa mara ya mwisho lini?