Satellite: Chama kisikae tu, kitembee pia

Simama kando ya Barabara ya Naivasha, pale Satellite, Jumapili yapata saa nane mchana wakati ibada zimemalizika. Watoto wamevalishwa nguo zao safi, akina mama wamebeba Biblia na vibeti, vijana wanakimbilia vibanda vya kutazamia kandanda, na wazee wanatafuta rafiki wa kuzungumza naye. Umati ni mkubwa na kila mtu yuko njiani. Mgeni angedhani watu wa mtaa huu ni watembezi hodari.

Lakini wafuate nyuma uone wanakokwenda. Karibu wote wanakwenda kuketi.

Chama cha akina mama huketi. Kamati ya mazishi huketi, tena hadi usiku. Jumuiya ya kanisa huketi, mkutano wa wapangaji huketi, na hao mashabiki wa kandanda huketi kwa saa mbili bila hata kuinuka, isipokuwa bao likiingia. Na mahali popote watu wanapoketi, chai ya maziwa yenye sukari nyingi haikosi, pamoja na mandazi au chapati. Huo ndio ujirani wetu, na ni ujirani mwema: ndio unaomzika maskini kwa heshima na kumlipia karo mtoto wa jirani. Makala haya hayakusudii kuuvunja. Yanachouliza ni kwa nini mikutano hiyo yote ifanyike juu ya viti vya plastiki.

Tusimsingizie mkazi wa Satellite kwamba ni mvivu. Kila alfajiri kuna wanaoondoka Riruta na Kawangware kwa miguu kwenda kufanya kazi katika nyumba za Lavington na Kilimani, na jioni hurudi vivyo hivyo. Uchunguzi wa usafiri jijini Nairobi umeonyesha kwamba kiasi cha safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu. Mtu wa namna hii hahitaji kuhubiriwa juu ya mazoezi. Akifika nyumbani, anachohitaji ni kupumzika.

Wanaohitaji kuhubiriwa ni wengine. Mfikirie mama mboga ambaye huamka saa kumi usiku kwenda kununua bidhaa Marikiti, akarudi kwa matatu, kisha akaketi kwenye kigoda chake hadi saa tatu za usiku akikata sukuma wiki. Amechoka kabisa, na hakuna atakayethubutu kumwambia kuwa hafanyi kazi. Hata hivyo, miguu yake haikusonga mchana kutwa. Fundi wa cherehani, mwenye duka, karani, dereva wa matatu na kijana wa boda boda wako katika hali hiyo hiyo. Kuchoka ni jambo moja na mwili kupata mazoezi ni jambo jingine, na wengi wetu huchanganya mambo hayo mawili.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Mwaka 2015 Wizara ya Afya na washirika wake walifanya uchunguzi wa taifa zima kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Ilionekana kwamba karibu robo yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa hawajawahi kupimwa shinikizo hilo hata mara moja maishani. Kuhusu unene, karibu wanawake wanne kati ya kumi walikuwa na uzito uliopita kiasi, ilhali wanaume walikuwa chini ya wawili kati ya kumi.

Shinikizo la damu halina adabu ya kupiga hodi. Mtu huenda na shughuli zake kwa miaka, pengine akilalamika kichwa kidogo tu na kumeza tembe za dukani, hadi siku anapoanguka na kupooza upande mmoja. Familia husema amerogwa, au kwamba ni habari mbaya aliyoipokea asubuhi ile. Ukweli ni kwamba mishipa yake ilikuwa imeumia kwa muda mrefu.

Kutembea husaidia kwa njia inayoeleweka. Misuli ya mapaja na miguu ndiyo mikubwa kuliko yote mwilini. Inapofanya kazi, huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia kama kuni, na huendelea kufanya hivyo kwa saa kadhaa hata baada ya mtu kupumzika. Mishipa hupanuka, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi kwa mapigo machache, na shinikizo hushuka. Usingizi pia huja vizuri zaidi. Mtu akitembea dakika kumi au kumi na tano baada ya kula ugali wake, sukari haipandi sana kama ile ya mtu aliyejilaza kitini.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye mizani. Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke huo unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Usidhani ni taabu ya Wazungu peke yao. Katika ploti zetu za vyumba kumi na viwili, ambamo watu hutumia mfereji mmoja, kuna nyanya aliyeletwa kutoka mashambani kuwalea wajukuu na ambaye hana wa kuzungumza naye tangu asubuhi hadi jioni. Huyo ndiye wa kwanza kualikwa kwenye matembezi.

HATUA NGAPI?

Wengi wamesikia kwamba ni lazima kutembea hatua 10,000 kila siku. Idadi hiyo haikutoka hospitalini. Ilitoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wakati kampuni moja ilipoanza kuuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi. Jina lilipendeza, likauza, likabaki. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025 katika jarida la Lancet Public Health ulionyesha kwamba hatua 7,000 kwa siku huleta sehemu kubwa ya faida hiyo, na kwamba hata hatua 4,000 ni bora sana kuliko 2,000.

Hata hivyo, Wajapani wana jambo moja la kuigwa. Tangu mwaka 1928 redio yao imekuwa ikitangaza mazoezi mepesi, na majirani wa mtaa mmoja, wazee kwa watoto, hukusanyika asubuhi uwanjani wakayafanya pamoja. Hawahitaji mavazi maalumu wala ada ya ukumbi. Mtu asipoonekana, wenzake huuliza yuko wapi. Hicho ni chama, isipokuwa hakikai.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Hizo ni dakika thelathini kwa siku tano, na si lazima ziwe za mfululizo. Mwendo wa wastani hupimwa kwa mdomo: uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kuzungumza, punguza.

KWA KWENDA

Kikundi kinaweza kuanzia papa hapa. Barabara ya Naivasha yenyewe si mahali pazuri pa kutembelea: moshi wa matatu, vumbi la Januari, matope ya Aprili na boda boda zinazopita pembeni huondoa raha yote. Afadhali vijia vya ndani asubuhi mapema, kabla magari hayajawa mengi. Mkishuka hadi Dagoretti Corner mtaipata Barabara ya Ngong, ambayo kutoka hapo kuelekea mjini ilipanuliwa kwa msaada wa serikali ya Japani na kupewa njia za waendao kwa miguu. Mtu mwenye afya anaweza kutembea kutoka Satellite hadi Jamhuri Park, mahali pa Maonyesho ya Kilimo, akarudi kwa matatu ikiwa amechoka. Hakuna atakayemcheka.

Kwa siku nzima ya mapumziko, Msitu wa Barabara ya Ngong hauko mbali, upande wa uwanja wa mbio za farasi. Msitu huu ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na tangu wakati huo umemegwa hadi ukabaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa awali. Hapo zamani ulikuwa na sifa mbaya ya wahalifu. Usiingie peke yako. Nenda na kikundi, pitia lango rasmi, na mtembee mkiwa na walinzi.

Mjini kuna Bustani ya Miti ya Nairobi, maarufu kama Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ambayo ingekua haraka na kutoa kuni za garimoshi. Leo ina zaidi ya aina 300 za miti, njia tambarare zinazowafaa wazee, na kivuli cha kutosha. Ada ya kuingilia ni ndogo. Upande wa pili wa mji kuna Jeevanjee, bustani iliyofunguliwa mwaka 1906, ambako anayechoka kutembea anaweza kusikiliza wahubiri na wachekeshaji bila malipo. Na Uhuru Park ipo kwa sababu kuna aliyeipigania. Mwaka 1989 serikali ya wakati huo ilitaka kujenga humo jumba la orofa 60, Wangari Maathai akapinga kwa barua na kwa sauti hadi mpango huo ukaachwa. Sijui kama wanaokodi mashua pale na watoto wao hulikumbuka jambo hilo.

Walio imara wanaweza kupanda gari nambari 111 hadi Ngong na kuikwea milima. Kilele kimefika mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Huko juu upepo ni mkali na hewa ni nyepesi, kwa hivyo hata kijana wa miaka ishirini atatweta. Usimpeleke huko mtu aliyeanza mazoezi wiki iliyopita.

VYA KUBEBA

Matembezi mengi ya familia huharibikia kwenye chakula. Watu hutembea nusu saa, kisha wakanywa soda na kula chipsi wakisema wamefanya mazoezi. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko vinane vya chai. Beba maji, nduma au viazi vitamu vilivyochemshwa, mayai, ndizi na machungwa. Chai pia iwekwe kwenye chupa, ila sukari itiwe kwa mkono mfupi. Vyakula hivi hupatikana soko la Kawangware kwa bei ya chini kuliko chipsi za mjini, na mama mboga wetu atafurahi kuviuza.

Viatu si lazima viwe vipya. Raba za mitumba zinatosha, bora zisibane vidole na zisiwe zimelika soli upande mmoja. Mwenye kisukari azingatie zaidi: avae soksi, na akirudi nyumbani akague nyayo zake, kwa kuwa kidonda kidogo asichokihisi kinaweza kumletea kukatwa mguu. Abebe pia peremende mfukoni iwapo sukari itashuka njiani.

Kabla ya Jumapili ya kwanza, kila mwanachama apimwe shinikizo la damu. Kituo cha Afya cha Riruta kiko karibu. Aidha, wahudumu wa afya ya jamii waliozinduliwa nchini kote mwezi Septemba 2023 walipewa mikoba yenye vifaa vya kupimia shinikizo na sukari, kwa hivyo chama kinaweza kumwalika mmoja wao siku ya mkutano. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku nyingine na kubaki vivyo hivyo, kinahitaji daktari. Mtu huyo bado anaweza kutembea, tena anahitaji sana kutembea, lakini aanze polepole, na asiache dawa zake kwa sababu tu anajisikia nafuu. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta. Mjamzito asiye na matatizo anaweza kwenda pamoja na wengine, akiwa amemwuliza mkunga wake.

Mkiwa njiani, mwepesi asimwache mzito. Mwendo wa kikundi uwe ule wa nyanya aliye nyuma, na mweka hazina, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa, awe wa mwisho ili asipotee mtu. Yeyote akihisi kifua kinabana, maumivu yakielekea mkono au taya, au akipata kizunguzungu na jasho baridi, aketishwe papo hapo kivulini. Asihimizwe kumalizia safari. Itafutwe gari apelekwe hospitalini mara moja, na wawili waende naye. Wengine warudi mtaani wakamwarifu jamaa yake.