Fahamu: Feyenoord, klabu aliyopitia Mtiliga

Kwenye mabanda umiza ya Nyakanazi, Biharamulo, na kule Ngara mjini, jina la Arne Slot lilizoeleka alipoipa Liverpool ubingwa wa Uingereza 2025. Alitokea Feyenoord ya Rotterdam, aliyoipa ubingwa wa Uholanzi 2023.

Watu wakitaja soka la Uholanzi hukimbilia Ajax. Lakini klabu ya kwanza ya Kiholanzi kubeba Kombe la Ulaya ni Feyenoord: Milan, 1970, Celtic wakalala 2-1 kwa bao la Ove Kindvall katika muda wa nyongeza. Kiungo alikuwa Willem van Hanegem, mtu wa mguu wa kushoto. Kombe la UEFA wakalichukua 1974 na 2002. Mara hii ya pili Pierre van Hooijdonk aliitungua Dortmund mara mbili, kwenye uwanja wao wenyewe wa De Kuip.

Mtanzania je? Patrick Mtiliga, beki wa kushoto mzaliwa wa Copenhagen, baba yake Mtanzania, aliichezea Feyenoord kabla ya NAC Breda na Málaga. Taifa Stars haikumpata, aliichagua Denmark. Wengi wanamkumbuka kwa kiwiko cha Cristiano Ronaldo kilichomvunja pua, Januari 2010.